Mpaka wa Dhima Mtandao Unapokatika

Katika nyumba za Uingereza ambazo bado hupokea intaneti kwa waya wa simu wa shaba, kuna soketi kuu ukutani, aghalabu karibu na mlango wa mbele, nayo, ingawa wapangaji wengi huipita bila ya kuitupia jicho, ndiyo mpaka wa dhima: waya utokao nje hadi hapo ni amana ya kampuni, na nyaya zianziazo hapo kuingia ndani ni za mwenye nyumba. Mtandao ukikatika, mtu hulegeza parafujo mbili, akaondoa kifuniko cha chini, na nyuma yake akakuta tundu la majaribio lisilounganishwa na nyaya nyingine za nyumbani. Akichomeka hapo ruta iliyo nzima, na hali ikabaki vile vile, basi ila iko nje, naye ana ithibati ya kumkabili nayo fundi. Na tangu Aprili 2019, kwa utaratibu uliowekwa na mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, kampuni zilizoridhia humlipa mteja fidia bila ya kuombwa, endapo huduma iliyokatika haikurejeshwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Kima cha awali kilikuwa paundi 8 kwa kila siku.

Kwetu Unguja, mtu akisha kuhakikisha kwamba kifurushi hakijaisha na umeme upo, hutoka barazani akauliza, "Jamani, kwenu upo?" Nami nalihesabu swali hilo kuwa ni elimu kamili. Tarehe 12 Mei 2024, zilipokatika kebo za baharini za EASSy na SEACOM, jawabu la jirani lilitosha kumjulisha mtu kwamba kuizima na kuiwasha ruta yake hakutamfaa kitu, ilhali huku ugenini, ambako watu wa ghorofa moja hawajuani hata kwa salamu, kila mmoja hungoja peke yake kwenye simu apate kuambiwa habari ambayo jirani angempa bure. Jirani akijibu kwamba kwake upo, basi ichunguzwe nyumba yenyewe, hasa zile za Mji Mkongwe, ambazo kuta zake nene za mawe na chokaa huyadhoofisha mawimbi ya gigahezi 5 kuliko yale ya 2.4; asimame mtu kando ya ruta, na ikiwa hapo mtandao ni mwema, kampuni haina lawama.

Lakini baraza haiwezi kumlazimisha mtu kuja kutengeneza. Sasa nyaya za nuru zinaingia majumbani, na kisanduku chake kina taa iandikwayo LOS, ambayo ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba nuru haifiki. Hata hivyo mteja huambiwa tena na tena azime, awashe. Natamani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iamuru iandikwe katika kila mkataba kwamba kisanduku hicho ndicho mpaka, na kwamba siku za fidia zihesabiwe tangu mteja alipotoa taarifa ya taa hiyo.