Kumbe hata ndege wanakaa kwa kaka!

Juzi nilikwenda Dodoma kumsalimia bibi. Mgunga ulio nje kwake umejaa viota vya nyasi, ovyo ovyo kama kichwa kisichochanwa. Wenyewe ni ndege wa kahawia wa jamii ya mnana, wana mstari mweupe juu ya jicho.

Wanaishi kikundi, lakini wanaozaa ni jozi moja tu! Wengine, wengi wao watoto wa miaka iliyopita, wanabaki nyumbani: wanalisha makinda wadudu, wanajenga, wanafukuza majirani.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nina miaka 24, nakaa kwa kaka Dar. Mtoto wake nampeleka shule mimi, maji nachota mimi.

Tofauti ipo moja. Wale, kila mmoja analala kwenye kiota chake, tena chenye milango miwili: adui akiingia huku, unachomokea kule. Mimi nalala kwenye kochi sebuleni, baada ya wote kumaliza kuangalia tivii.

Niliporudi nikamwambia kaka: kulea nitalea, ila natafuta chumba. Akanitazama weee!

"Sasa mtoto atapelekwa shule na nani?"

Jamani, "asante" ilikuwa ngumu?