Rufiji, Mto Unaogawanyika Vidole

Chukueni ramani ya Afrika ya Mashariki. Tafuteni pwani ya Tanzania, kusini ya Dar es Salaam, mkabala na kisiwa cha Mafia. Hapo mtaona mto mkubwa ukigawanyika kama vidole vya mkono kabla ya kuingia baharini. Ndio Rufiji. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu huujaza, hata mvua inayonyesha mbali sana, huko Iringa na Songea, hushuka mwisho katika matope ya delta hii.

Mtu akitoka Dar es Salaam hufuata njia ya kusini, kisha huiacha njia kuu na kushuka hadi bandari ndogo ya Nyamisati. Toka hapo njia ni maji. Msafiri hupanda mashua, naye hana budi kuitii bahari: maji yakijaa atapita, yakipwa atakwama matopeni na kungoja. Kulia na kushoto ni mikoko, mizizi yake imesimama juu ya tope kama miguu ya buibui. Msitu huo wapita hekta 50,000. Boriti zake zilichukuliwa na majahazi tangu zamani hadi Arabuni na Ghuba, kujengea nyumba katika nchi zisizo na miti. Na mchele wa Rufiji ulikuwa ukiliwa Zanzibar.

Mkulima wa huko haogopi mafuriko kama sisi tunavyodhani. Huyangoja. Mto ukifurika huleta udongo mpya wenye rutuba, na maji yakishuka watu hupanda tena katika unyevu uliobaki; kilimo hicho hukiita mlau. Katika shamba hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, wapate kukaa salama na kuwafukuza ndege na nguruwe. Lakini mafuriko yakizidi, au yakija wakati usio wake, mavuno yote huenda baharini. Basi jambo kubwa katika nchi hii ni kujua maji yatakuja lini, na kiasi gani.

Sisi wa Kongo tumezoea sheferi na mwami wake. Huko Rufiji hapakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Wajerumani waliweka maakida juu ya majumbe, wakawalazimisha watu kulima pamba kwa ujira mdogo mno. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale, mtu wa Ngarambe, aliwapa watu maji akisema yatageuza risasi kuwa maji. Alinyongwa Mohoro, kando ya delta, mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Lakini vita vya Maji Maji vilikwisha kuwaka. Mwezi huo huo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tuwakumbuke hao, wala tusiwasahau Waafrika wengi mno waliokufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma ghala na mashamba yao.

Miaka kumi baadaye delta iliona vita visivyo vyake. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo mwaka 1914, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamezipima njia za maji, nao Waingereza hawakuzijua vema. Tarehe 11 Julai 1915 ilishindwa, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake iliopolewa na kuvutwa bara. Mmoja ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen, katika ziwa letu la Tanganyika, kuwatisha Wabelgiji wa ng'ambo. Meli hiyo ndiyo iliyoitwa Liemba baadaye, nayo wazee wengi wa Kalemie na Uvira wanalijua jina lake.

Baada ya uhuru, serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Kisha, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, iliwahamisha watu wa bonde la mto na kuwapeleka kwenye vijiji vya nchi ya juu, karibu na shule na zahanati. Nia ilikuwa njema. Lakini shamba lenye rutuba lilibaki bondeni, na watu wengi wakawa wanarudi kila msimu kwenye madungu yao, wakiishi nusu huku na nusu kule. Mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya zilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyozirudisha.

Sasa kila kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, na halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25 chini ya mwenyekiti waliyemchagua. Delta yenyewe, iliyokuwa ya wilaya ya Rufiji, imo sasa katika wilaya mpya ya Kibiti. Wala kiti cha mwenyekiti si cha raha. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi kadhaa wa vijiji vya Kibiti na Rufiji waliuawa, na askari polisi pia, hata wengine wakaogopa kulala nyumbani mwao.

Tena mamlaka yao ina mipaka. Mikoko ni hifadhi ya serikali tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1898. Lakini mto haukusoma sheria hiyo. Kwa miongo ya karibuni maji matamu mengi yamehamia midomo ya kaskazini. Huko tope lililokuwa la chumvi limefaa mpunga, na watu wamekata mikoko wakalima. Kaa hula miche, magugu hushinda baada ya miaka michache, mkulima husogea mbele. Bwana msitu asema ni uharibifu. Mkulima asema ni chakula. Mimi naona wote wawili wasema kweli. Ila kumbukeni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni moja ilipotaka karibu hekta 10,000 za delta kwa kufuga kamba, serikali ilikubali; wanavijiji wengi ndio waliokataa, wakaenda mahakamani, na mradi ukafa.

Jambo jipya ni bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto, lenye mitambo ya megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu wakahama. Wakubwa walisema bila bwawa ingalikuwa vibaya zaidi. Wengi wa waliopoteza mpunga walilaumu maji yaliyofunguliwa humo. Zamani mzee wa Rufiji aliutazama mto na mvua, akawaambia watoto wake siku ya kupanda. Leo watu humwuliza mwenyekiti wao maji yatakuja lini, naye hungoja habari kutoka kwa wenye kufungua milango ya bwawa.