Kibwezi: Ukuta mmoja, milango miwili

MSAFIRI aendaye Mombasa kutoka Nairobi huijua Kibwezi kwa joto, mibuyu na maembe. Lakini akiiacha barabara kuu na kuingia mjini, atakutana na jambo jingine: nyumba pacha. Hizi ni nyumba mbili chini ya paa moja, zikitenganishwa na ukuta mmoja, kila moja na mlango wake.

Kibwezi si mji wa jana. Wamishenari wa Kiskoti walifika mwaka wa 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka wa 1898. Reli ya zamani nayo ilipita hapa ikielekea Nairobi, ilikofika mwaka wa 1899. Tangu mwaka wa 2017 kuna treni ya SGR, na sasa barabara ya kwenda Kitui kupitia Mutomo ina lami. Kila njia mpya huleta walimu, wauguzi na wachuuzi wanaotafuta pa kulaza familia.

Kwa Mkamba aliyelelewa katika musyi wenye uwanja mpana, kusikia jirani akikohoa ukutani ni ajabu. Lakini ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya uwanja huo. Kujenga pacha huokoa mawe na saruji ya ukuta mzima. Tena, tofauti na vyumba vya kupanga vilivyojipanga kama mabehewa, kila nyumba hubaki na pande tatu za kuweka madirisha. Katika joto la Kibwezi, hilo si jambo dogo.

Je, ugomvi hutoka wapi? Kwanza ni ukuta wenyewe. Ukiishia kwenye dari, kelele na hata moto vitapita juu yake. Yafaa ufike hadi kwenye mabati.

Pili ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 laweza kutoa karibu lita 1,200. Ukambani, ambako mvua ya vuli ndiyo tegemeo kuu, maji hayo ni mali. Ikiwa mifereji yote yaelekea tangi moja, majirani watanuniana kabla ya Januari. Kila upande uwe na mfereji na tangi lake.

Tatu ni hati. Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo yaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake. Basi mnunuzi asiridhike na karatasi ya makubaliano tu. Aulize mapema hati itatoka kwa jina la nani, na ni nani atakayelipia paa likivuja.

Jirani mwema hupunguza mashaka, lakini hata ndugu wa tumbo moja hugombania mpaka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.