Kutoka Bwaise hadi uwanja wa gofu Entebbe

Mwezi uliopita nilikwenda Kampala kumsalimia shangazi, anakaa Bwaise. Kule ni bondeni. Mvua ikinyesha tu, maji yanaingia ndani, godoro linapanda juu ya meza. Usiku ule hatukulala.

Asubuhi binamu yangu, anayewabebea wachezaji mifuko, alinipeleka Entebbe, kama kilomita 40. Uwanja wa pale ni wa tangu 1901, majani yanateremka kuelekea Ziwa Victoria. Akanipa fimbo. Mara tatu nikapiga hewa. Ya nne mpira ukaruka!

Pale watu wanalipa wacheze karibu na maji. Shangazi anayatoa nyumbani kwa beseni. Ndugu zangu, Jumamosi tuzibue mitaro yetu kabla mvua haijaja.

Mwalimu wenu