Miaka Tumeishi, Karatasi Je?

Leo tuweke pembeni mishono na mapishi, tuzungumze makaratasi.

Familia yetu ipo Murungu, Kibondo, tangu babu na bibi walipokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakitokea Rumonge. Kirundi na Kiha vinakaribiana mno, kwa hiyo majirani walituzoea mapema. Tumelima nao, tumefuturu nao, tumezikana. Kijijini hakuna anayetuita wageni. Serikalini ndiyo bado.

Wenzetu wa 1972 waliopelekwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa mwaka 2007: mnarudi au mnabaki? Zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Sisi tuliojichanganya vijijini Kigoma, zaidi ya watu 20,000, hatukuwamo kwenye mpango ule. Tumezaliwa hapa na kusoma hapa, lakini tunahesabiwa kwa wazazi wetu.

Mtu atasema, karatasi ya nini nawe unakula na kulala? Tulianzisha kikundi cha mafundi cherehani, tukaomba ule mkopo wa halmashauri kwa wanawake, usio na riba. Sharti: kila mwanakikundi awe raia. Ikabidi tutoke ili wenzetu wapate. Tuliwaombea kheri, tukarudi kushona sare za shule kwa cherehani zilezile mbili.

Sasa tunaomba uraia wa tajnisi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataka uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, jumla isipungue miaka 7. Tena ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na tabia njema, na unuie kuendelea kuishi hapa. Uamuzi ni wa Waziri.

Miaka tunayo, ya kumwaga. Kazi ni kuithibitisha, na hapo ndipo wanawake tunapokwama. Shamba lina jina la baba. Pango la kibanda limeandikwa jina la mume. Mwanamke ameishi miaka thelathini na hana hata risiti yenye jina lake! Kilichotufaa ni kadi za kliniki, vyeti vya kidato cha nne, cheti cha ufundi cherehani na daftari la kikoba. Hata hivyo mmoja wetu ni Rehema kwenye cheti na Lehema kwenye kadi, akaambiwa akale kiapo kwanza kwamba ni mtu yuleyule.

Dada zetu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakuona kuandika ni kukosa kuaminiana. Basi tusione haya kumwambia mume, "Na jina langu liwepo." Lipa pango, dai risiti yako. Mtoto akizaliwa, fuata cheti, hakikisha herufi zote. Weka nakala kwa mtu unayemwamini, maana nyumba huungua.

Maombi yetu yameshapelekwa, tunasubiri. Bibi bado yu hai, na kila baada ya swala ya alfajiri anauliza kama wamejibu. Tuombeeni.