Champion Rafuni, Mekatilili Mdomoni

Kwetu Marafa, nilipokuwa mtoto, Mekatilili wa Menza hakuwa mtu wa vitabuni. Alikuwa mtu wa jioni, baada ya sima, bibi ameketi kwenye kigoda chake na sisi wajukuu tumemzunguka. Bibi alitusimulia alivyocheza ngoma ya kifudu kijiji hadi kijiji akiwakusanya Wagiriama wawapinge Waingereza, na alivyomletea afisa wa Kizungu kuku na vifaranga vyake akamwambia, haya, chukua kimoja. Afisa akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Ukitaka vijana wetu, utayapata hayo hayo. Kisha alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Hapo pa kurudi kwa miguu ndipo bibi alipopapenda, na kila aliposimulia njia ilikuwa ndefu kuliko jana yake.

Bibi hakuwa na habari na miaka. Kwamba Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 niliisoma baadaye sana, nikiwa tayari nimeajiriwa. Kwamba Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao yetu matakatifu, kwa baruti, na kwamba Wagiriama waliokuwa kaskazini mwa mto Sabaki waliamriwa wavuke warudi kusini, hayo pia niliyasoma. Marafa iko kaskazini mwa Sabaki. Nchi niliyozaliwa, pamoja na lile korongo la Nyari ambalo watalii wanaletwa kutoka Malindi kulipiga picha jua likizama, ni nchi ambamo watu wetu walifukuzwa, wakaruhusiwa kurudi miaka kadhaa baadaye.

Niliingia kazi ya ukutubi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maktaba moja ya Pwani, nikiwa msaidizi wa kupanga vitabu na kuchapa kadi za katalogi. Kadi zile zilikuwa na tundu chini, zinashikwa na chuma kirefu ndani ya droo ili msomaji asizichomoe. Katika siku za mwanzo nilitafuta jina la kabila langu, Wagiriama. Nilipata kadi chache mno. Iliyoonekana kuwa ya maana zaidi ilikuwa ya kitabu chembamba kilichochapishwa London mwaka 1967, The Agiryama of Kenya. Mwandishi, Arthur Champion.

Nililijua jina hilo. Champion ndiye yule afisa wa bibi.

Miaka michache baadaye alikuja mzee mmoja wa kwetu, amevaa kikoi na koti la suti, akataka kitabu cha Mekatilili. Sikuwa nacho. Nikamletea Champion, nikamfungulia mezani. Hakujua Kiingereza, akaniomba nimfafanulie. Nikamweleza kuhusu nyumba, mazishi, viapo, mahari, yote yamepangwa kwa utaratibu. Alisikiliza kwa heshima, mara nyingine akitikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu akicheka. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, huyu ndiye aliyekuwa akitutoza kodi ya nyumba?" Nikamjibu, ndiye, baba. Akanyamaza kidogo. "Basi yeye ameandika anavyotujua. Sisi tunavyomjua yeye, imeandikwa wapi?"

Sikuwa na la kumwonyesha. Haikuwa kwamba halijaandikwa kabisa. Cynthia Brantley, Mmarekani, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1981 kitabu chake kuhusu Wagiriama na upinzani wao, na alikuwa amewahoji wazee wetu wenyewe. Lakini hicho kilikuwa cha vyuo vikuu na bei yake ilikuwa ya vyuo vikuu. Cha Champion ndicho kilichotufikia.

Swali la mzee yule ndilo lililonifundisha ukutubi, kuliko mafunzo niliyoyapata Nairobi. Huko Nairobi tulipelekwa kuiona Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mbele. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, na hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, wala Mhindi. Ilikuwa ya Wazungu. Wenzangu wengi walisimama pale kwenye ngazi wakahesabu hiyo kuwa ni hadithi iliyokwisha: mlango ulifungwa, ukafunguliwa, tumshukuru Mungu. Mimi nilikuwa na wazo la rafu. Mlango hufunguliwa kwa siku moja. Rafu iliyojazwa na watu waliokuwa peke yao ndani kwa miaka ishirini na saba haibadiliki kwa kufunguliwa mlango.

Na si rafu tu, hata namba. Mtindo wa Dewey wa kuvipanga vitabu kwa namba za mada, tuliokuwa tukiutumia, na ambao bado unatumika maktaba nyingi za nchi hii, umeupa Ukristo karibu nafasi yote ya dini, tangu 220 hadi 280 na kitu. Uislamu wote wa Pwani, misikiti yake na karne zake, umebanwa katika 297. Dini ya kaya zetu iko 299.6, kule mwisho wa rafu, inakowekwa mabaki. Melvil Dewey mwenyewe aliendesha klabu huko Lake Placid ambayo haikupokea Wayahudi wala watu weusi, na jambo hilo lilichangia kumtoa katika kazi yake ya kuongoza maktaba ya jimbo la New York. Chama cha wakutubi wa Marekani kiliondoa jina lake kwenye medali yao mwaka 2019. Medali ni rahisi kuibadilisha jina. Namba bado tunazo.

Kisha yalikuja masanduku. Maktaba zetu zililelewa kwa vitabu vya hisani kutoka Uingereza, na bila hivyo watoto wengi wasingepata cha kusoma, silisahau hilo. Lakini vingine vilikuja vimegongwa muhuri wa maktaba za huko, kwamba vimeondolewa. Ndani ya sanduku moja nilikuta vitabu vya Noddy vya Enid Blyton, toleo la zamani, ambamo wanasesere weusi wenye midomo mikubwa na nywele za kusimama ndio wezi wa gari. Wakati huo Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kuvionea haya, na wachapishaji wakawabadilisha wale wezi katika matoleo mapya. Kilichoonewa haya kule kikapakiwa kikaletwa kwa mtoto wa kwetu Magarini, ndiye akisome. Sikuviweka rafuni. Sitaki mtu aniambie nilizuia uhuru wa kusoma. Mtoto wa miaka sita anayejifunza herufi hapewi picha yake mwenyewe akiwa mwizi. Kitabu cha Champion ni jambo jingine. Hicho kinasomwa na mtu mzima, na mtu mzima ana haki ya kujua mtawala wake alifikiri nini.

Wengi hawajui kwamba vita vya kusafisha lugha ya katalogi vilianzia karibu na kwetu. Sanford Berman, Mmarekani mweupe, alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwishoni mwa miaka ya 1960, na wenzake wa Kizambia ndio waliomwambia kwamba neno "Kafirs", lililokuwa kichwa rasmi cha habari katika orodha ya maktaba ya bunge la Marekani, kwao ni tusi. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima akiyachambua majina ya namna hiyo, na baadaye akafanya kazi Makerere. Dunia inamtaja Berman, na anastahili. Wazambia waliomzindua hawatajwi.

Nami, kwa mashine yangu ya kuchapa, nilifanya kidogo nilichoweza. Kamusi ya Krapf na Rebmann ya mwaka 1887 inaiita lugha yetu Kinika, yaani lugha ya Wanyika, jina tulilobandikwa na majirani na wageni. Nilichapa kadi mpya chini ya Mijikenda, jina tunalojiita sisi wenyewe, na kadi nyingine ya kumwelekeza huko anayetafuta kwa jina la zamani. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenikataza pia, kwa kuwa wakubwa walikuwa na hofu nyingine.

Hofu hiyo ilikuwa ya Serikali yetu wenyewe. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, na hasa msako wa kundi la siri la upinzani la Mwakenya ulipoanza mwaka 1986, maktaba zilikuwa zinajikagua zenyewe. Riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilikusanywa madukani mwaka 1987. Hatukuletewa waraka wowote kazini. Kabati moja tu lilitiwa kufuli, na vitabu fulani vikahamia humo. Pwani tulikuwa na ushahidi wa karibu zaidi: Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chenye swali, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Shtaka lake lilikuwa uchochezi. Tangu hapo, kila nisikiapo neno hilo, humtazama kwanza anayelitamka.

Ndiyo maana nilipata shida mwaka 2012. Vijana walituandikia kuomba ukumbi wa maktaba wazungumzie ardhi ya Pwani. Siku zile neno "Pwani si Kenya" lilikuwa midomoni na kwenye kuta, na Mahakama Kuu Mombasa ilikuwa imeondoa mwezi wa Julai marufuku ya MRC, kundi la Mombasa Republican Council lililodai Pwani ijitenge. Ardhi ni haki yao kuizungumzia. Nani Magarini hana kesi ya ardhi? Lakini barua ilikuwa na mstari uliosema watu wa bara warudi kwao. Tulikuwa na wafanyakazi wa bara, na wasomaji wa bara waliozaliwa Malindi.

Mwenzangu mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri, alisema, "Wapeni ukumbi, nami nitakuja nikae mbele. Waniambie mimi nirudi wapi." Alikuwa na ujasiri ambao sikuwa nao. Mimi nilitaka tuwape ukumbi kwa ajili ya ardhi, na mstari ule uondolewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kusema, na papo hapo inasema uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki. Mkubwa wetu hakutaka kusikia katiba. Alikataa kwa kuogopa polisi, na vijana wakafanyia mkutano wao chini ya mwembe, mahali ambapo hapakuwa na wa kuwajibu.

Mwaka 2018 nikasoma kwamba wakutubi wa Marekani wamekumbwa na jambo lile lile. Mwezi wa Juni baraza la chama chao lilipitisha maneno kwamba hata makundi ya chuki hayawezi kunyimwa kumbi za maktaba. Wakutubi weusi na wenzao wakapaza sauti, na kufikia Agosti maneno yale yakafutwa. Bado nasimama niliposimama. Kila hoja ina nafasi ukumbini, hata hoja chungu. Kuwapo kwa msomaji mwenzako si hoja. Ule mlango wa McMillan ulimwuliza mtu ametoka wapi kabla ya kumwuliza anataka kusoma nini, na barua ya vijana wetu ilitutaka tuulize vivyo hivyo.

Nimestaafu. Mekatilili sasa ana vitabu, kimojawapo cha watoto wa shule kilichoandikwa na Elizabeth Mugi-Ndua, na ana sanamu mjini Malindi. Maktaba zimewekwa chini ya kaunti na ile katiba ya 2010. Lakini kazi haijafika mwisho, na mfano uko mlangoni petu. Mpango wa makazi wa Magarini ulioanza mwaka 1976 kwa fedha za Australia uliandikiwa kitabu kizima mwaka 1991, kuhusu jinsi ulivyoshindwa, na waandishi watatu wa kigeni. Ni kitabu kizuri. Wazee waliogawiwa vile viwanja, wakafyeka, wakapanda, mvua ikawakimbia, hawajaandika chao, na wanazidi kupungua.

Kwa hiyo ninawaomba vijana wa Marafa, Garashi na Bungale wenye simu mkononi: warekodini wazee hao, kwa Kigiriama au Kiswahili, mwaulize pia nani aliwakopesha mbegu na nani aliwanyima hati. Pelekeni nakala maktaba. Na wakutubi wa Kilifi wazipokee bila kudai jalada gumu wala jina la mchapishaji, wazipe namba, waziorodheshe kwa jina la msemaji mwenyewe.