Sauti Kabla ya Herufi

Kusoma Kiswahili huanza masikioni. Mwalimu anayesimuliwa hapa, aliyefundisha darasa la kwanza katika vijiji vya Shinyanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, alilitanguliza hilo kabla ya chaki: vitendawili, nyimbo, na kupiga makofi kwa kila silabi ya jina la mtoto.

Lugha yenyewe humbeba anayeanza. Irabu ni tano, na karibu kila silabi huishia na irabu, hivyo “baba” na “meza” husomeka mapema. Kikwazo kikubwa ni majina ya herufi. Mtoto aliyekariri “be” na “a” akiviunganisha hupata “bea”, haipati “ba”. Mtaala wa mwaka 2015, ulioelekeza darasa la kwanza na la pili kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulikazia sauti, na mwalimu aliupokea kwa furaha. Alitumia vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi: “kata” ikageuka “pata”, kisha “pita”, kwa kubadili kizibo kimoja kimoja. Nd, ny na ng' zilifuata baadaye. Maneno kama “mbwa” na “nywele” yalisubiri zaidi.

Jambo lililomsumbua kuliko yote ni kusoma kwa pamoja. Darasa lililojaa husoma ubao kwa sauti moja, na humo ndimo asiyejua hujificha miezi mingi bila kugunduliwa. Basi mwalimu alianzia neno la mwisho, akarukia la katikati, akafunika picha kwa kiganja. Aliyekariri alinyamaza, na huyo ndiye aliyeketishwa karibu na meza, bila kukemewa.

Kuelewa kulipewa uzito zaidi kuliko matamshi. Mtoto wa Kisukuma aliyetamka “kula” palipoandikwa “kura” aliulizwa watu hupiga nini siku ya uchaguzi. Akionyesha ameelewa, sauti ya r ilirekebishwa siku nyingine.

Nyumbani, hata mzazi asiyejua kusoma ana kazi kubwa. Katika vikao vya wazazi mwalimu aliwasihi wakae na mtoto jioni, wamwombe awasomee, kisha wamuulize nani alifanya nini na kwa nini. Aliyekwama kwenye neno aachwe alitamke silabi kwa silabi mwenyewe; akishindwa kabisa, dada au kaka yake ndiye amtajie.